Faili Katika Kabati la Marehemu

Mkuu wa masjala ya hospitali kuu alikuwa mtu wa tarehe. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepokea, kupanga na kutoa mafaili ya wagonjwa, na watu wote, kuanzia mfagizi hadi mganga mkuu, walimwita Bwana Faili hata wakasahau kwamba ana jina jingine. Ukienda kumwambia kwamba mgonjwa wako alilazwa "mwaka juzi hivi," aliinua macho juu ya miwani na kukungoja utaje mwezi. Ukitaja mwezi, anakungoja tena utaje siku. Makarani wake walimtania kwamba akiulizwa alizaliwa lini atataja na dakika.

Kwa hiyo siku ile, ndani ya chumba cha daktari wa upasuaji, alipoulizwa jambo dogo la tarehe akadanganya, yeye mwenyewe alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka bila hata kigugumizi.

"Ulifungwa mirija ya uzazi lini, mzee wangu?" daktari aliuliza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kuandika huku anasikiliza.

"Ni miaka kumi sasa."

Ilikuwa miaka kumi na mitano, na miezi miwili.

Kando yake alikuwa ameketi mke wake, fundi cherehani wa sare za shule, amefungua lile daftari lake la vipimo vya wateja. Chini ya mabega na viuno vya watoto wa watu aliandika: *miaka kumi*. Akayapigia mstari.

Yeye hakuwa anadanganya. Aliandika alichokuwa ameambiwa. Miaka minne iliyopita, alipokuwa akiwashonea makarani wa masjala makoti ya kazi, Bwana Faili alianza kutafuta visingizio vya kupimwa tena mikono, na siku moja mwanamke yule akamuuliza wazi kama ana nia. Bwana Faili akamwambia ukweli karibu wote. Kwamba yeye ni mjane. Kwamba ana mabinti wawili. Kwamba mama yao nusura afe akijifungua wa pili, akatokwa damu mpaka kitanda kikabadilishwa godoro, na yeye akaenda kwa miguu yake mwenyewe akafungwa mirija ili mkewe asiingie tena kwenye hatari ile. Fundi aliposikia hayo alisema ni wanaume wachache wanaofanya hivyo. Kisha akauliza, "Na inaweza kufunguliwa?"

"Inaweza."

"Ni miaka mingapi sasa?"

Kwenye droo ya ofisi yake Bwana Faili alikuwa na kikaratasi cha maelezo alichokisoma mara tatu. Kilisema kufungua hufanikiwa zaidi ikiwa miaka haijawa mingi, na kwamba ikishapita kumi mambo huanza kuwa magumu. Miaka yake ilikuwa kumi na mmoja. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, ambaye hajawahi kuzaa na anataka kuzaa. "Sita," akasema.

Tangu hapo kila walipozungumzia kwenda hospitali, alipata sababu. Binti mkubwa amalize chuo kwanza. Paa lizibwe kwanza. Mvua ipite. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa maswali. Miaka ikaenda, ya kwake na ya mkewe, mpaka mke akachoka kungoja, akaenda mwenyewe kuchukua namba ya kumwona daktari.

"Nitawaeleza bila kuwaficha," daktari alisema siku ile. "Kufunga ni kazi ya nusu saa. Kufungua ni saa tatu, nne, chini ya hadubini, na uzi usioonekana vizuri kwa macho. Na hata nikishona vizuri namna gani, kuna mambo hayako mikononi mwangu. Kubwa ni miaka. Mirija ikizibwa, korodani haziachi kazi. Mbegu zinaendelea kutengenezwa na hazina pa kupita. Zinajaa nyuma ya kizibo. Miaka ikiwa mingi, kile kijifuko kilicho mgongoni mwa korodani, ambamo mbegu hukomaa, kinaweza kupasuka kwa ndani kikafanya kovu. Hapo mtu anakuwa na vizibo viwili, kile alichoweka daktari na kile kilichojiweka chenyewe."

"Na hicho cha pili kinazibuliwa?" mke aliuliza.

"Kinarukwa. Mrija unaunganishwa moja kwa moja na kijifuko, juu ya kovu. Ni kazi ngumu zaidi na mimi siifanyi. Kuna bingwa mwenzangu anakuja hapa mara mbili kwa mwaka. Kwa mtu aliyepitisha miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, huwa sifungui bila yeye. Kwa kumi, kama mirija ilikatwa vizuri, naweza kuanza peke yangu na tukapata bahati yetu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Bwana Faili. Angeweza kusema, daktari, nisamehe, nimekosea hesabu. Mtu hukosea hesabu. Lakini mkewe alikuwa ameshauliza swali jingine.

"Na umri wangu?"

"Una mingapi, mama?"

"Thelathini na minane."

"Huo nao ni nusu ya jambo lenyewe. Mrija ukifunguka leo, mimba inaweza kuchukua mwaka, miwili. Kwa hiyo tusikimbie, lakini tusikae pia." Akamgeukia mume. "Huvuti sigara? Vizuri. Ulifungiwa wapi?"

"Hapahapa."

"Basi afadhali. Nataka faili la upasuaji ule. Nione walikata karibu au mbali na korodani, na walitoa kipande kirefu kiasi gani. Mrija ukikatwa mrefu, ncha hazifikiani."

Mke akacheka, mara ya kwanza tangu waingie. "Daktari, umempata mwenye mafaili mwenyewe."

"Nitalileta," alisema Bwana Faili.

Siku ya pili, makarani walipotoka kwenda kula, alilitoa faili lake kwenye rafu ya upasuaji. Lilikuwa jembamba, limefifia pembeni. Ndani mlikuwa na karatasi nne, na juu ya kila moja tarehe imeandikwa kwa mwandiko wa marehemu daktari mmoja aliyekuwa na herufi nzuri. Hapakuwa na namna ya kuisoma vibaya. Alikaa nalo magotini. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sahihi yake mwenyewe, ya kijana aliyekuwa na nywele bado, akikiri kwamba ameelewa na amekubali. Ilikuwa siku aliyokuwa akijivunia kimyakimya maishani mwake. Sasa alikuwa akitafuta pa kuificha.

Chini ya ngazi palikuwa na kabati la chuma lililopakwa rangi ya kijani, la mafaili ya wagonjwa waliokufa. Wenyewe waliliita kabati la marehemu. Hakuna aliyelifungua ila mwisho wa mwaka, kutoa ya zamani yakachomwe. Bwana Faili alichukua ufunguo ukutani, akalipenyeza faili lake katikati ya watu wasiohitaji tena kuonana na daktari yeyote, akafunga. Kwenye daftari la kutolea mafaili hakuandika kitu.

Kisha akamwambia daktari kwamba halionekani, kwamba masjala ilihamishwa jengo na baadhi ya vitu vilichanganyika. Alidhani yameishia hapo.

Hakumjua daktari yule. Daktari alijaza fomu rasmi ya kuombea faili, namba tu bila jina kama taratibu zinavyotaka, akaipeleka masjala kwa mkono wa mhudumu. Na fomu za upasuaji zilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Shangazi.

Shangazi alikuwa karani wa rafu za upasuaji. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alimzidi Bwana Faili miaka sita, na ingawa Bwana Faili ndiye aliyekuwa mkubwa wake kazini, kila asubuhi alianza kwa kumwamkia shikamoo mbele ya wote, naye akaitika "marahaba, mkubwa," kwa sauti ya kumtania. Katika maisha yake yote ya kazi, Shangazi hakuwahi kupoteza faili. Alilisema hilo bila majivuno, kama mtu anavyosema hana mzio wa dawa.

Alitafuta siku ya kwanza akiimba. Siku ya pili aliacha kuimba. Siku ya tatu alipanda ngazi ndogo akashusha rafu nzima, akapitia faili moja moja, vumbi likimwingia puani. Alikuwa na kifua kibovu. Kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye kioo cha ofisi ya mkuu, na mkuu akageuza kiti akaelekea ukutani.

"Shangazi, liache," alimwambia siku ya nne. "Pengine lilichomwa kwa makosa."

"Halikuchomwa, mkubwa. Mimi mwenyewe nilihesabu tulipohama. Namba hii nimeishika kwa mikono yangu." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Kuna mgonjwa anangoja kupasuliwa kwa ajili ya faili hili. Huenda ni kijana wa watu. Nitaliachaje?"

Bwana Faili alirudi ofisini. Alitaka kushuka pale chini ya ngazi siku hiyohiyo, alichukue, aliweke kwenye rafu isiyo yake, Shangazi alikute akapige vigelegele. Lakini likikutwa litakwenda kwa daktari, na daktari atalisoma mbele ya mke. Akahesabu siku. Upasuaji ulikuwa umepangwa baada ya wiki tatu. Akajiambia, tukishamaliza nitalirudisha. Akajikaza.

Wiki ya pili katibu wa hospitali alimwita. Daktari alikuwa amelalamika kwa maandishi, na faili likipotea lazima mtu awajibike. Mwenye rafu ni nani? Basi apewe barua ya onyo. Aandike nani? Mkuu wake.

Bwana Faili aliiandika barua ile mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwamba faili "halijaonekana." Katibu akairudisha na neno "uzembe" limeandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni. Mara ya pili akaliandika, akatia sahihi, akapiga muhuri.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu. Akasoma amesimama.

"Hapa pameandikwa uzembe," alisema. "Ni wewe uliyeandika au ni wao?"

"Ndivyo barua hizi zinavyoandikwa, Shangazi."

"Sawa." Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. "Nilitaka kujua tu."

Asubuhi iliyofuata Bwana Faili alifika amechelewa makusudi, ili asipate nafasi ya kumwamkia.

Nyumbani mambo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Mke wake alikuwa ameambiwa na daktari kwamba baada ya upasuaji mgonjwa avae kitu cha kubana na kubeba, asinyanyue kizito kwa mwezi mmoja. Hakutaka kununua. Alimshonea mwenyewe chupi tatu za kitambaa cha kunyumbulika, zenye mfuko mbele ulioshonwa mara mbili. Akampimisha mchana kweupe, mapazia yamefungwa, akicheka na pini mdomoni kama siku ile ya makoti.

"Simama vizuri, mwenzangu. Unaona haya nini? Huyu ni mteja kama wateja wengine."

"Wateja wako wana miaka saba."

"Na wanasimama vizuri kuliko wewe."

Alicheka naye. Alipobaki peke yake bafuni, alifungua bomba maji yatiririke, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka mke alipobisha kuuliza kama yuko salama.

Siku ya upasuaji ilifika. Muuguzi aliyemnyoa alikuwa binti aliyekuwa akija masjala kila siku kuchukua mafaili, na alimfanyia kazi yake akiangalia pembeni kwa heshima, jambo lililozidisha aibu badala ya kuipunguza. Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, daktari aliinama. "Mzee wangu, faili halikupatikana. Kwa hiyo naingia kwa maelezo yako. Miaka kumi?"

Mke alikuwa kwenye benchi, hatua tano kutoka pale, anamtazama.

"Kumi," alisema.

Alipozinduka alikuwa wodini, mdomo mkavu, mapaja mazito kama ya mtu mwingine. Daktari alikuja jioni mapema, akavuta pazia. Mke alikuwa ametoka kwenda kununua maji.

"Nitakuambia nilichokiona," daktari alisema. "Upande wa kushoto nilipokata mrija yalitoka majimaji ya ukungu. Chini ya hadubini nikaona vichwa vya mbegu, bila mikia. Si vizuri sana, lakini si haba. Nimeunganisha. Upande wa kulia kimetoka kitu kizito kama dawa ya meno. Hakuna mbegu hata moja. Kile kizibo cha pili kipo, tena kimekomaa. Sikuweza kufanya kitu. Nimefunga. Sijawahi kuona hali ya namna ile kwa mtu wa miaka kumi. Inawezekana. Lakini ningejua, ningemngoja bingwa. Sasa kurudia kuna kovu jipya juu ya lile la zamani."

Bwana Faili alitazama dari. Daktari alingoja, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiwangoja watu wataje mwezi.

"Kumi na mitano," akasema mwishowe.

Daktari hakumgombeza. Aliandika tu. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Siwezi kumwambia mimi. Lakini ataniuliza ilikuwaje, na mimi siwezi kumdanganya." Akavuta pazia, akaenda zake.

Kesho yake saa nne asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, Shangazi alikuja. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, na kifuani amekumbatia bahasha kubwa ya kaki. Alimsalimu mke kwanza, akamuuliza habari za mgonjwa, akamuuliza kama amekula. Kisha akaja upande wa kitanda.

"Nimeshuka mpaka kwa marehemu," alisema taratibu. "Nilisema sistaafu na ile barua kabla sijafungua kila kabati lenye mlango. Nimefungua jana. Nikakagua namba, nikaona sawa. Nikafungua nione jina, maana mimi ni karani, lazima nihakikishe."

Bwana Faili alivuta shuka hadi kifuani.

"Sijamwonyesha mtu. Hili ni faili la mgonjwa, na mgonjwa ni wewe." Akaiweka bahasha juu ya meza ndogo, kando ya glasi. "Nimekuletea lililo lako. Ugua pole."

Akamuaga mke, akaondoka. Walimsikia akikohoa ukumbini mpaka kikohozi kikapotea.

"Amesema nini yule mama?" mke aliuliza. "Faili gani?"

Angeweza kusema ni la kazini. Bahasha ilikuwa imefungwa, na mke hakuwa mtu wa kupekua. Bwana Faili aliiangalia, akaikumbuka barua ya onyo iliyokunjwa mara nne, akaona wanawake wawili waliomwamini kwa neno tu. Akamwambia, "Fungua. Soma tarehe."

Mke alifungua. Alisoma karatasi ya kwanza, akarudia. Alitoa daftari lake la vipimo, akafungua ule ukurasa wenye mstari, akaweka daftari na faili sambamba juu ya shuka. Midomo yake ilicheza kidogo. Alikuwa anahesabu.

"Siku ile ya makoti ilikuwa kumi na mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Ukasema sita."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaondoka."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Sauti yake haikupanda, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waliendelea na mazungumzo yao. "Ungeniambia kumi na mmoja, ningekwenda nyumbani nikakaa nikafikiri. Labda ningerudi. Mimi nadhani ningerudi. Na tungekuja hapa mwaka uleule, mimi nikiwa na thelathini na minne. Wewe umejipunguzia miaka yako mitano. Ya kwangu minne umeipeleka wapi?"

Hakuwa na pa kuuficha uso. Alilala chali, mirija imeshonwa nusu, miguu imetanuliwa kama alivyoagizwa, na hata kugeuka ukutani hakuweza.

Mke alikaa mpaka saa ya wageni ilipoisha. Alimbadilishia ile nguo aliyomshonea, akamwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa, akamuuliza panapouma, akamnywesha maji. Hakumwangalia usoni. Alipomrudisha nyumbani siku ya tatu, alimpangia dawa mezani kwa masaa yake, akampigia simu binti mkubwa aje kumwangalia baba yake, akachukua mkoba akaenda kwa dada yake. Alikaa huko siku kumi na moja.

Katika siku hizo Bwana Faili aliandika barua moja. Alikuwa haruhusiwi kuinua kizito, lakini kalamu aliruhusiwa. *Faili halikupotea kwa uzembe wa karani. Nililificha mimi, mkuu wa masjala, kwa sababu zangu binafsi. Naomba barua ya onyo niliyomwandikia ifutwe.* Binti yake aliipeleka kwa katibu. Kabla ya kuipeleka, binti aliuliza ni barua ya nini, na baba yake akamwambia yote, akiangalia vidole vya miguu. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Ulimfanyia marehemu mama jambo jema, halafu ukalionea haya," akaondoka na barua.

Aliporudi kazini, alikuwa si mkuu tena. Alihamishiwa dirisha la mapokezi ya mafaili, na Shangazi akakaimu ofisi kwa miezi iliyobaki. Siku ya kwanza Bwana Faili aliwakusanya makarani, akasimama mbele ya rafu za upasuaji, akawaeleza alichofanya bila kueleza faili lilikuwa la nini. Haikusaidia. Hospitali ni hospitali. Kufikia saa sita wahudumu wa jikoni walikuwa wanajua, na kijana mmoja wa maabara alipita dirishani akauliza kwa uso mkavu kama kuna faili lolote la miaka kumi au kumi na mitano, yeye hajali. Wenzake wakacheka. Bwana Faili aliinamisha kichwa akaendelea kuandika.

Jioni alibisha mlango wa ofisi iliyokuwa yake. "Shikamoo, Shangazi."

Shangazi hakuitika. Alimaliza kupanga karatasi kwanza. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini usiniamkie kwa muda. Nikisikia salamu yako kifua kinanibana."

"Muda gani?"

"Nitakuambia." Hakumwambia hata siku aliyostaafu; siku hiyo watu walikuwa wengi, kila mtu anampa mkono, naye Bwana Faili akampa mkono tu kama wengine.

Mke alirudi siku ya kumi na mbili, akiwa na mkoba uleule. Aliingia akaendelea na kazi zake. Walizungumza mambo ya nyumba, ya vifungo, ya chumvi. Usiku alilala akimpa mumewe mgongo. Bwana Faili hakuomba zaidi ya hapo, maana hakujua angeombaje.

Kipimo cha mbegu cha mwezi wa tatu baada ya upasuaji kilikuja sifuri. Cha mwezi wa sita kilikuja na mbegu chache, zinazotembea kivivu. Walikwenda kuyachukua majibu pamoja. Safari hii mke alikuwa amesoma faili lote, la zamani na jipya, na aliketi kwenye kiti kilicho karibu na daktari.

"Upande wa kushoto umefunguka," daktari alisema. "Kidogo. Mimba inawezekana lakini sitaki niwape matumaini ya kununua kitanda cha mtoto. Bingwa anakuja mwezi wa tisa. Anaweza kujaribu kulia."

"Kwa mwanamke wa thelathini na tisa, daktari, tukijumlisha yote?"

Daktari alifikiri. "Katika ndoa kumi kama yenu, ningesema mbili hupata mtoto. Nikijipa moyo, tatu."

Mke aliandika. Kwenye ngazi za hospitali alimwambia mumewe, "Nipe mwezi mmoja nifikiri. Usiniulize kitu."

Hakumwuliza. Alijizuia asubuhi wakati wa chai, alijizuia alipomwona amesimama mbele ya sare ndogo kabisa, ya darasa la kwanza, anainyoosha kwa kiganja zaidi ya ilivyohitaji. Alijua kwamba chochote mkewe atakachoamua, ataamua akiwa na miaka michache kuliko aliyostahili, na kwamba aliyeichukua ni mtu anayelala naye kitanda kimoja. Aibu ile haikuwa tena ya watu wa dirishani. Watu walikuwa wameshapata habari nyingine.

Siku ya ishirini na sita, mke alikuwa anakata kitambaa cha kaptula, mkasi unakula mstari wa chaki.

"Mwandikie bingwa," alisema bila kuinua kichwa. "Na usidhani nimesahau. Nataka mtoto, na wewe ndiye mume niliye naye."

Akaandika mchana huohuo. Mke alimaliza kukata, akafuta mikono, akaisoma barua, akamwambia aongeze kwamba mke wake atakuwepo na ana maswali. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: waje mwezi wa tisa, tarehe nne, asubuhi, mgonjwa asiwe amekula.